Kifuniko Chekundu cha Laini ya Igunga

Kwa miaka mingi nimefundisha somo ambalo sijawahi kumwona mwanafunzi akilipenda. Tukifika kwenye sura ya makatizo, yaani namna kerneli ya kompyuta inavyopokea kelele za vifaa vyake, nusu ya darasa husinzia na nusu nyingine huomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Siwalaumu. Vitabu vyenyewe vimeandikwa kana kwamba mwandishi ana ugomvi na msomaji. Ndiyo maana mimi huvifunga, nikakaa juu ya meza kinyume cha taratibu za chuo, nikawasimulia habari za Tabora na za bibi mmoja wa Igunga, aliyetaka kumwambia mwanawe neno moja kabla hajahamishwa na mpunga wake ukiwa bado shambani.

Mambo yenyewe ni mepesi. Ndani ya kompyuta kuna mfanyakazi mmoja, prosesa, anayefanya jambo moja kwa wakati mmoja, ila kwa haraka ya kutisha. Nje yake kuna vifaa: kibodi, diski, printa, saa. Kila kimoja kina mwendo wake na hakijali mwenzake ana shughuli gani. Kifaa kikiwa na neno, kinapiga kengele. Hilo ndilo katizo. Prosesa anaacha alichokuwa akifanya, anaweka alama mahali alipoishia, anamsikiliza mpiga kengele, kisha anarudi palepale penye alama. Kerneli ndiyo yenye kanuni za shughuli hiyo yote: nani akipiga asikilizwe papo hapo, nani asubiri, na kengele ya nani izimwe kwa muda ili kazi ifanyike. Mimi niliyajua hayo kabla sijaiona kompyuta kwa macho, kwa sababu prosesa nilikuwa mimi.

Nilikuwa opereta wa simu. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya posta, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Gongoni, na ndani yake ulisimama ubao wa mbao mrefu kama kabati la nguo, wenye matundu mengi. Juu ya kila tundu palikuwa na kifuniko kidogo cha bati. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, kifuniko chake kilianguka na kengele ikalia. Nachomeka plagi, nasikiliza, nauliza anamtaka nani, namuunganisha. Kulikuwa na laini za maduka ya Wahindi, ya stesheni, ya hospitali, ya mapadri wa Kipalapala, za maofisi, na zile ndefu za kwenda Nzega, Urambo na Igunga. Wote hao niliwajua kwa sauti. Wengine nikikutana nao sokoni nilikuwa siwatambui mpaka wafungue kinywa.

Kanuni yetu ilikuwa moja tu: salamu kwanza. Mji wetu ulijengwa na watu waliokuwa wakipumzika. Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilifika hapa imechoka, ikatua mizigo, na watu wakaulizana habari za kule na za huku siku nzima kabla ya yeyote kuitaja biashara. Sioni kama tumebadilika sana.

Na salamu ina mpangilio wake, ambao kila mtu anaujua bila kufundishwa. Unaulizwa habari, unasema nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Ng'ombe, mvua, majirani: salama, salama, salama. Ndipo mambo yakishatulia unavuta pumzi na kusema “ila”. Ila mtoto amelazwa. Ila nyumba imeungua jana. Mtu anayeanza na nyumba kuungua kabla hajauliza watoto wa mwenzake wameamkaje, sisi tunamwona hakulelewa.

Basi akaja mtaalamu.

Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo, nchi ya theluji, akasomee kompyuta. Wakati anarudi, au karibu na hapo, serikali ileile ikaona mashine hizo zina vurugu kuliko faida, ikapiga marufuku zisiingizwe nchini. Kwa hiyo tukawa na mtaalamu asiye na mashine, kama vile kusomesha rubani halafu kuuza ndege. Wakatafuta pa kumweka. Nadhani kuna mtu mezani aliona cheti kimetaja mitambo na mawasiliano, akapiga muhuri, na kijana wa watu akashuka kwenye treni ya Tabora amevaa sweta. Sweta lile hakulivua hata mwezi wa kumi, jua linapowaka mpaka mbwa wanatafuta kivuli cha baiskeli. Alisema amelizoea.

Hakuwa mjinga, na sitaki mtu amcheke bure. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu muda mrefu, akitazama vifuniko vikianguka na mikono yangu ikienda. Kisha akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeonana na ndugu ugenini.

“Dada,” akasema, “hii ni kompyuta kabisa. Na wewe ndiye prosesa.”

“Kaka, mimi ni mtoto wa watu. Angalia unavyoniita.”

Akaomba radhi, lakini tangu siku hiyo hakuacha. Alinieleza kwa subira, akichora kwa chaki sakafuni kwa sababu ubao wa kuandikia hatukuwa nao. Akasema ninapoacha laini moja kwenda nyingine bila kuweka alama, ndiyo maana mchana nawasahau watu wakining'inia. Tukaokota vizibo vya soda, nikawa naviweka kwenye ukingo wa ubao chini ya laini niliyoiacha. Akasema si kila kengele ina uzito sawa, zipangwe madaraja. Msimu wa pamba, wanapopiga wote kwa mpigo, laini za maghala zizimwe kengele kwa muda; vifuniko vitabaki vimeanguka na nitavikuta nikipata nafasi, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Lakini alilosisitiza kuliko yote ni mapokezi mafupi. “Ukipokea katizo hukai kulipikia chai,” alisema. “Muda wote ulio ndani yake, wengine wanakusubiri mlangoni. Muulize hali yake, neno moja. Ana shida au hana? Mengine baadaye.”

Kwa hiyo badala ya shikamoo na habari za asubuhi, nikawa nafungua laini na kusema: “Tabora. Sema shida.”

Kusema kweli nilizipenda kanuni zile. Jioni shingo haikuniuma tena, na kwa mara ya kwanza nilikula chakula cha mchana kikiwa na moto.

Mji ulichachamaa. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alikuja kwa miguu mpaka dirishani, amevua kofia, akaniuliza amenikosea nini. Padri wa Kipalapala alituma mtu kuuliza kama posta kuna msiba. Gongoni walisema opereta amepandwa na kiburi tangu avae visikizio vya masikioni, nao walikuwa wameviona visikizio hivyo miaka yote. Mama yangu mwenyewe aliulizwa sokoni kama mwanawe ni mzima. Akarudi nyumbani amenuna, akaniambia hakunizaa niseme “sema shida” kwa watu wazima.

Mtaalamu alifikiri siku mbili tatu, akaja na dawa. Akasema kerneli nzuri haitupi kazi, inaiahirisha. Linalowezekana kusubiri linawekwa pembeni mpaka kengele zitulie, ndipo linafanywa lote kwa utulivu. Basi na salamu ziahirishwe. Kila niliyempokea bila salamu nimwekee kizibo, na saa nane mchana, mji ukiwa umelala usingizi wa baada ya chakula, niwapigie mmoja mmoja.

“Shikamoo, mzee. Hii ni ile ya asubuhi.”

“Marahaba, mwanangu! Nilikuwa naisubiri. Za nyumbani?”

Msomaji anaweza kudhani natania. Walizipenda. Mzee wa vitambaa alikataa kulala mchana asije akaikosa salamu yake. Wengine ambao asubuhi hawakuwa na haja na mtu yeyote wakawa wanazungusha simu, wananiambia “hakuna kitu, dada, endelea,” ili tu niwawekee kizibo. Mtaalamu alisema hajawahi kusoma popote kuhusu vifaa vinavyopiga kengele kwa sababu hiyo, na akataka kuwaandikia walimu wake. Sijui kama aliwaandikia.

Ilibaki kupanga madaraja. Msimamizi wetu aliitisha mkutano wa kuamua ni laini ipi iwe juu kabisa, ile ambayo kengele yake haizimwi kwa sababu yoyote. Hospitali wakasema wao, kwa sababu ya wagonjwa. Stesheni wakasema wao, kwa sababu ya treni. Polisi wakasema wao na hawakutoa sababu. Ofisi kubwa, ile ambayo sitaitaja lakini kila mtu alijua kuna ofisi moja tu ya kuitwa hivyo, walimtuma karani ambaye hakusema neno. Alikuja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Tulikuwa sote ndugu siku zile, ndugu waziri na ndugu mfagiaji, lakini kufika jioni kifuniko cha ndugu mmoja kilikuwa kinang'aa kwa wekundu juu ya ubao wangu.

Karani akaongeza sharti. Kifuniko chekundu kikianguka, wote wakatizwe. Na mkubwa akiwa anaongea, asikatizwe na yeyote.

Mtaalamu akanyoosha mkono, taratibu, akiwa na sweta lake. Akasema hayo ni mambo mawili tofauti. Kwenye mashine, kengele isiyozimwa huwekewa jambo kama umeme kukatika, siyo mtu anayetaka kujua kama treni imeleta magazeti yake. Na anayewakatiza wote huku yeye hakatizwi, hakuna njia ya kumwambia nyumba yake inaungua. Karani akamjibu kwamba ofisi imeliona hilo, na mkutano ukafungwa.

Mkubwa mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Igunga. Nasema hivi bila chuki: alikuwa mchapakazi, hakuwa mwizi, na aliyaamini aliyoyasema. Wakati huo ndio watu walikuwa wakihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wakajengwe pamoja katika vijiji vya Ujamaa, na nyaraka za kazi hiyo zilikuwa nyingi. Barua zilichelewa, hivyo mkubwa alizisoma kwenye simu. Alisoma sentensi moja, akangoja karani wa upande wa pili aandike, akamwambia arudie, akasahihisha koma. Urambo, halafu Nzega, halafu kwingine. Nilizisikia nyaraka zile mpaka nikawa naziota.

Siku moja ya gulio laini ya Igunga ilianguka. Mtu wa posta ya huko alikuwa amemzungushia simu mwanamke mmoja mzee.

“Tabora. Sema shida.”

“Mwangaluka, mwanangu.” Hiyo ndiyo habari za asubuhi ya kwao.

“Mwangaluka, mama. Sema shida.”

“Shida? Hakuna shida. Mhola duhu, salama tu. Nataka kumsalimia mwanangu, yule wa ofisi kubwa.”

Neno moja, kama nilivyofundishwa: salama. Daraja la chini kabisa. Na mwanawe wakati huo alikuwa anaisomea Urambo, hakatiziki. Nikamwambia mama anaongea, nitazifikisha salamu. Akasema haya, mwambie mama yake amemsalimia. Nikaweka kizibo, na saa nane nikazipeleka. Karani wa kopo la rangi akazipokea, akasema zimefika, nadhani bila kuacha kula.

Gulio lililofuata akaja tena. Hakuna shida, mwanangu, salama tu, nataka kumsalimia. Mkubwa alikuwa Nzega, kwa maana ya simu. Na lililofuata akaja tena. Nilianza kupata wasiwasi. Mwanamke wa umri ule hatoki mashambani mpaka posta, kila gulio, kwa ajili ya kusema salama tu. Nikamweleza mtaalamu.

Akasimama akikuna shingo pale sweta linapomwasha. “Kifaa kinachopiga kengele tena na tena,” akasema, “na kila kikiulizwa kinasema hakina neno, ama kimeharibika, ama tunakiuliza vibaya. Wewe ulimsoma vipi?”

“Neno la kwanza, kama ulivyosema.”

“Na watu wenu, neno la kwanza huwa linasema nini?”

“Huwa linasema nzuri.”

“Hata kama?”

“Hata kama maiti iko ndani.”

Hakucheka. Akaniambia nimpigie mtu wa posta ya Igunga amkalishe yule mama mpaka saa nane, ampe kiti, kisha nimsalimie mwanzo mpaka mwisho kama vile hakuna kengele duniani. Nikafanya hivyo. Nilimwamkia, nikamuuliza nyumba, watoto, wajukuu, ng'ombe, mvua, majirani, magoti. Yote yalikuwa salama. Aliuliza na yeye ya kwangu, akataka kujua kama nimeolewa, akanionea huruma kidogo. Kisha nikamsikia akivuta pumzi.

“Ila, mwanangu, tumeambiwa tuhame. Tunapelekwa ng'ambo ya mbuga. Na mpunga haujaiva. Tukiondoka sasa ni wa ndege na ng'ombe. Mimi sikatai kuhama, usije ukamwambia nakataa. Nilitaka kumwomba atuache tuvune kwanza. Mvuno huu mmoja. Wakishavuna watu, nyumba na wazivunje.”

“Mama, mbona hukusema siku zote hizo?”

“Hukunisalimia, mwanangu. Ningeanzia wapi?”

Sikupata muda wa kumjibu, maana kifuniko chekundu kilianguka.

“Nipe Igunga,” mkubwa akasema. “Ofisi.”

“Shikamoo, mzee. Mama yako yuko kwenye laini hiyohiyo ya Igunga.”

“Marahaba. Mzima?”

“Mzima, mzee, ila...”

“Kama mzima asubiri. Nitamsalimia nikimaliza. Toa, nipe ofisi.”

Laini ya Igunga ilikuwa moja. Ili mkubwa apate ofisi ilibidi nichomoe plagi iliyokuwa na mama yake mwisho wa waya. Nikachomoa. Nikaunganisha, na badala ya kutoka nikabaki nasikiliza. Alianza kusoma. Ulikuwa ni ule waraka wenyewe, wa kaya zote za upande ule kuhamia ng'ambo ya mbuga kabla ya mwisho wa mwezi. Alisoma vizuri, sauti yake haikuwa na haraka. Alipofika “bila kuangalia uso wa mtu” damu ilinipanda, nikabonyeza swichi nikaingia katikati.

“Samahani, mzee. Mama anasema mpunga...”

“Nani huyo?”

“Opereta, mzee. Mama yako anaomba...”

“Opereta, toka kwenye laini ya serikali.”

Nikatoka. Niliachia swichi ya kusemea, lakini ya kusikilizia sikuizima, na ndani ya visikizio nikamsikia akimuuliza karani wa Igunga, “Tulikuwa tumeishia wapi?” Karani akasema, “Bila kuangalia uso wa mtu.” Akaendelea kutoka hapohapo, hakuruka hata koma. Wanafunzi wangu huwa nawaambia: hivyo ndivyo prosesa anavyorudi kwenye kazi yake baada ya katizo, hakuna kilichobadilika, kama vile hakuna aliyebisha hodi. Kwenye mashine tunaita hilo ufanisi.

Waraka ulikuwa mrefu. Ulipokwisha aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi na sasa yuko huru kuwa mwana, “Haya, nipe mama.” Mtu wa posta akajibu kwamba bibi ameondoka, kwao ni mbali na hataki giza limkute mbugani. Ndipo nikamweleza mkubwa, yote, mpunga na nyumba na kwamba hakatai kuhama. Nilimsikia akipumua.

“Kwa nini sikuambiwa mapema?”

“Nilikatiza, mzee.”

Sijui kama alitaka kurudi nyuma. Labda alitaka. Lakini waraka ulishasomwa, kwa sauti yake, kwa Igunga na kwa wilaya nzima, na ulisema bila kuangalia uso wa mtu. Kama angeifungua njia kwa kaya za kwao watu wangesema anaangalia uso wa mama yake, na wangekuwa sahihi. Wakahamishwa. Madereva wa malori waliotoka huko walitusimulia mpunga ulivyobaki umesimama na ndege juu yake kama wingu, na kwamba ng'ombe wa watu wasiojulikana walikula wakashiba wakalala humo humo. Niliumia, na nilikasirika, na nisingependa kujifanya kwamba hasira hiyo imekwisha.

Mimi niliitwa na msimamizi nikakaripiwa kwa kuingilia laini ya serikali. Mtaalamu alisimama upande wangu, akaeleza kwa dakika nyingi kwamba prosesa alifuata kanuni na kosa liko kwenye namna ya kusoma hali ya kifaa. Msimamizi hakuelewa chochote, na nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Tangu siku hiyo mtaalamu alifuta “sema shida”. Akaandika kwa chaki sakafuni mapokezi mapya, nayo yalikuwa marefu: sikiliza mpaka baada ya “ila”. Akakubali kwamba shingo yangu itauma. Baadaye sana, kompyuta ziliporuhusiwa tena, alihamishiwa Dar es Salaam, na ni yeye aliyenitaja jina nipelekwe kwenye kozi. Aliondoka na sweta lake.

Siku chache baada ya watu kuhamishwa, karani alirudi na kopo lilelile na brashi ileile. Alipaka nyekundu kifuniko cha laini ya Igunga. Amri ilikuwa kwamba kikianguka, hata mkubwa akiwa anaongea na nani, akatizwe na apewe.

Tukatii. Lakini Igunga ilipiga simu kwa sababu za Igunga. Karani wa pamba alitaka tairi la lori. Mwenye mashine ya kukoboa alimtaka fundi. Mfanyabiashara mmoja alitaka kujua kama treni imeleta chumvi. Wote hao, kifuniko chao kikianguka, nilimkatiza mkubwa na kumpa, naye alikuwa anapokea kabla kengele haijamaliza kulia.

“Shikamoo,” alikuwa anasema.

Karani wa pamba, kijana asiye na ndevu, aliposikia mkubwa wa ofisi kubwa anamwamkia shikamoo, aliangusha simu na kukimbia. Tairi alikuja kulifuata mwenyewe kwa basi. Wenzake waliposikia wakadhani wanapimwa, na simu za Igunga zikapungua. Kule kwenye kijiji kipya hakukuwa na posta, wala gulio, wala barabara ya kufaa. Kifuniko kikawa kinakaa juu siku nzima, chekundu, safi. Mara nyingine mkubwa alinipigia mwenyewe, ananiuliza kama laini ya Igunga ni nzima. Nilikuwa naijaribu, namwambia ni nzima, mzee.

Mvua zikaja zikaondoka. Asubuhi moja kifuniko kilianguka, nikasikia, “Mwangaluka, mwanangu.”

Nilimjua. Nikamsalimia mpaka mwisho, sikuacha kitu, nikangoja. Hakusema ila. Akasema anamtaka mwanawe. Mkubwa alikuwa kwenye laini na Dar es Salaam, na watu wa Dar es Salaam hawakatizwi. Nikawakatiza.

Nilipaswa kutoka kwenye laini. Sikutoka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mhola?”

“Mhola duhu, mama. Habari za huko?”

“Nzuri.”

“Nyumba mpya?”

“Nzuri.”

“Majirani?”

“Hawajambo.”

“Na chakula, mama?”

“Tunakula.”

Mkubwa akauliza na ng'ombe, akauliza na wajukuu, akauliza na mvua, akauliza hata watu ambao najua hakuwa amewakumbuka kwa miaka. Yote yalikuwa salama. Kisha maswali yakamwishia, nikajua anangoja nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nakingoja.

“Ila?” akasema.

“Ila nini, mwanangu?”

“Mama. Ila?”

“Hakuna ila. Nilitaka kukusalimia tu.”

Laini ilikuwa nzima, nilisikia hata kuku wa pale posta ya Igunga. Mkubwa hakukata. Mama yake ndiye aliyeweka simu kwanza, nami nikakirudisha kifuniko juu.